Usalama wa moto katika jengo la biashara ndogo: anza na mlango, si na mtungi

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, moto uliliunguza Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Walioamka wakiwa hawana kitu wengi wao walikuwa wafanyabiashara wadogo ambao mtaji wao wote ulikuwa mle ndani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: mwenye fremu ya ushonaji, mwenye mgahawa, saluni, stoo au gesti ya vyumba kumi, pamoja na mwenye nyumba anayewapangisha.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue jengo moja la mfano, la aina inayopatikana katika kila mji wa Tanzania. Lina ghorofa mbili juu ya sakafu ya chini. Chini kuna mgahawa na duka la vitambaa, ghorofa ya kwanza ina chumba cha cherehani chenye mafundi wanane, na ya pili ina ofisi mbili pamoja na stoo. Ngazi ni moja, na madirisha yote yana nondo.

Mwenye jengo kama hilo anapoambiwa kuhusu usalama wa moto, jambo la kwanza analofanya ni kununua mtungi mwekundu wa kuzimia moto, kuutundika ukutani na kuhesabu kuwa kazi imekwisha. Utaratibu unaookoa watu huenda kinyume. Kwanza hakikisha kila aliyemo ndani anaweza kutoka. Pili zuia moto usianze. Tatu ndipo ufikirie kuuzima. Ukiyafanya hayo kwa mpangilio huo, cheti cha usalama wa moto hakitakusumbua, kwa sababu mkaguzi wa Zimamoto anatafuta mambo hayo hayo.

Hatua ya kwanza: fahamu sheria inayokuhusu

Tanzania Bara, msingi wa mambo haya ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007, ambayo iliunda jeshi moja la kitaifa lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo, kutoa maelekezo ya marekebisho na kutoa cheti cha usalama wa moto. Ukaguzi huo hufanyika kila mwaka, na kwa hiyo cheti cha mwaka juzi kilichowekwa kwenye fremu ya kioo hakikulindi kisheria wala kwa namna nyingine yoyote.

Ukiajiri watu, unaguswa pia na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Sheria hiyo inataka mahali pa kazi pasajiliwe na inamwekea mwajiri wajibu wake mwenyewe kuhusu moto, hata kama jengo si lake. Zanzibar ina kikosi chake cha zimamoto na uokoaji, na mwenye biashara Unguja au Pemba aanzie huko. Kwa msomaji aliye Kenya, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinadai ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka na zoezi la kuondoka jengoni angalau mara moja katika miezi 12. Hatua zinazofuata hapa chini zitamfaa bila kubadilishwa sana.

Kama bado hujajenga, peleka michoro kwa Jeshi la Zimamoto mapema, pamoja na safari zako za kutafuta kibali cha ujenzi katika halmashauri. Ngazi ya pili ikiongezwa kwenye karatasi gharama yake ni wino. Ikiongezwa baada ya bati kupigwa, utabomoa ukuta na kupoteza fremu moja ya kupangisha, na wengi wakifika hapo huacha.

Hatua ya pili: chora jengo, kisha tembea hadi nje

Chukua karatasi, uchore kila sakafu: vyumba, milango, ngazi, madirisha, meni swichi ya umeme na mahali mitungi ya gesi ilipo. Huhitaji msanifu. Kisha simama katika sehemu iliyo mbali zaidi na mlango, kwa mfano nyuma ya meza ya mwisho ya kukatia vitambaa, na utembee hadi barabarani kwa mwendo wa kawaida huku ukiandika kila kinachokuzuia. Rudia safari hiyo usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu moto wa umeme hukata taa na moshi humficha mtu hata mlango alioupita kwa miaka kumi.

Katika jengo letu la mfano, safari hiyo itaonyesha mambo ambayo nimeyakuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Marobota ya vitambaa yamepangwa kwenye ngazi kwa sababu stoo imejaa. Mlango wa nyuma wa mgahawa una kufuli, na ufunguo uko kwa dada wa jikoni ambaye leo hakuja. Mlango wa chumba cha cherehani unafunguka kwa ndani, na nyuma yake kuna gunia la mabaki ya vitambaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa benki ili lirekebishwe, lakini kila moja linatosha kuua.

Masharti ya njia ya kutokea ni machache. Mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila ufunguo muda wote ambao kuna mtu ndani. Komeo la kusukuma au kuzungusha kwa mkono linatosha. Pale ambapo watu ni wengi, mlango ufunguke kuelekea nje, kwa kuwa umati unaosukumana huuziba mlango unaovutwa. Ngazi na korido zibaki tupu kwa upana wake wote. Mimi hutumia kipimo cha angalau mita moja isiyo na kitu, na siruhusu hata pikipiki ya mwenye nyumba ilale chini ya ngazi, kwa sababu tangi lake lina petroli na ngazi hiyo ndiyo pekee waliyonayo watu wa juu. Weka alama za kijani zenye maandishi ya KUTOKEA mahali panapoonekana, pamoja na taa za dharura zenye betri kwenye ngazi.

Kuhusu nondo za madirishani, naomba msomaji asinipite haraka. Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Najua kwa nini tunaweka nondo, kwani wezi wapo na bidhaa ni mali. Lakini fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza grili yenye bawaba na komeo la ndani katika dirisha moja la kila chumba, na gharama yake haizidi sana ile ya grili isiyofunguka. Chagua dirisha linaloangalia baraza, paa la chini au upande ambao ngazi ya kuegemeza inaweza kufika.

Rolashata nazo zina sharti lake. Wakati wa biashara ziwe zimepandishwa hadi juu kabisa na kuzuiwa zisishuke. Ikiwa kijana wako hulala dukani kulinda mali, usimfungie kwa nje. Kama hakuna mlango mwingine anaoweza kuufungua mwenyewe akiwa ndani, basi mle ndani hapafai kulaza mtu.

Mwenye nyumba na mpangaji hurushiana mpira katika hatua hii. Suluhisho ni kuandika katika mkataba wa pango: mwenye nyumba anawajibika kwa ngazi, korido, mfumo mkuu wa umeme, taa za dharura na vifaa vya maeneo ya pamoja, mpangaji anawajibika kwa fremu yake, vifaa vyake na watu wake, na hakuna anayeruhusiwa kuweka mzigo kwenye ngazi hata kwa saa moja. Mpangaji anayeingia leo aombe kuona cheti cha jengo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Hatua ya tatu: tafuta mahali moto utakapoanzia

Anza na umeme, na anza kwa hesabu. Soketi ya kawaida ya ampea 13 katika umeme wa volti 230 inabeba takriban wati 2,990. Chumba chetu cha cherehani kina pasi mbili za wati 1,800 kila moja, zilizochomekwa kwenye eksitensheni moja. Jumla ni wati 3,600, yaani karibu ampea 16. Mzigo ukizidi zaidi ya hapo, fyuzi sahihi itaungua na mafundi watalalamika. Lakini mara nyingi mtu amekwisha kuibadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ili "isisumbue", na kuanzia siku hiyo joto huhamia kwenye waya wenyewe, ambao umepita chini ya zulia au nyuma ya rafu ya vitambaa. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, zijumlishe kwa kila soketi, na pasi, jagi la umeme na jokofu kila kimoja kipewe soketi yake ya ukutani. Eksitensheni iliyoviringishwa kwenye kigurudumu chake ikunjuliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo, kwa sababu waya uliojikunja haupoi.

Ukiona soketi imebadilika rangi, brekeri inayoanguka kila mara, au harufu kama ya plastiki inayoungua, usisubiri mwisho wa mwezi. Mwite fundi umeme mwenye leseni, akague mfumo mzima pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja, akuandikie taarifa, nawe uitunze. Wafundishe wote mahali meni swichi ilipo. Kabla ya kufunga, pasi zichomolewe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina azikague. Moto wa dukani unaweza kuanza wakati wenye duka wameshafika nyumbani.

Jikoni kuna mambo mawili, gesi na mafuta. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu bali inatambaa sakafuni na kukaa kwenye mashimo, mifereji na pembe za chini. Dirisha la juu peke yake haliitoi. Unahitaji pia matundu karibu na sakafu. Mitungi mikubwa ya kilo 38 ikae nje, wima, kwenye kizimba chenye hewa na kufuli, mbali na mifereji ya maji machafu. Hata ile ya kilo 15 isipangwe ndani kama akiba. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa juu yake; usome, na uubadilishe ukipitwa na muda au ukianza kupasuka. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, kwani cheche ya swichi inatosha. Funga valvu, fungua milango, toa watu, kisha piga simu ukiwa nje.

Mafuta ya kukaangia chipsi yakizidi joto hushika moto yenyewe bila kuguswa na mwali. Kosa linaloua hapo ni maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya takriban lita 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Karibu na kila jiko la kukaangia kuwe na mfuniko mpana wa bati au blanketi la kuzimia moto: zima gesi, funika, usifunue hadi chombo kipoe, na usikibebe kukipeleka nje.

Petroli ya jenereta, tina za rangi, gundi na spiriti za saluni vikae mbali na moto kwa kiasi cha matumizi ya siku chache tu, na jenereta ijazwe ikiwa imezimwa na kupoa. Mabaki ya vitambaa yatolewe kila jioni. Bidhaa stoo zisifike kwenye taa.

Hatua ya nne: vifaa vya kutoa taarifa na kuzima

Kabla ya mtungi, nunua masikio. Mafundi wa ghorofa ya kwanza hawatajua kuwa mgahawa unaungua hadi moshi uwafikie kupitia ngazi wanayoitegemea. Vitambua moshi vinavyotumia betri, kengele ya mkono, au king'ora kinachosikika sakafu zote vitawapa dakika ambazo hakuna kizimamoto kinachoweza kuzirudisha. Jikoni weka kitambua joto badala ya cha moshi, la sivyo kitalia kila kitunguu kinapoungua na mtu atakitoa betri.

Sasa mitungi. Poda kavu ndiyo inayofaa sehemu nyingi, kwa maana inazima mbao, nguo, petroli na gesi, na inaweza kutumika kwenye vifaa vya umeme. Hata hivyo inaacha vumbi linaloharibu kompyuta. Kwa hiyo ofisini na karibu na meni swichi weka kaboni dioksidi, na umwonye mtumiaji asishike pembe yake, yaani mdomo mpana wa kutolea gesi, kwa kuwa hupoa kiasi cha kujeruhi ngozi. Kwa mafuta ya kupikia upo mtungi wa kemikali ya majimaji uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na mgahawa unaokaanga kila siku unapaswa kuwa nao. Mtungi wa maji au povu usielekezwe kwenye umeme.

Idadi na ukubwa utaelekezwa na mkaguzi kulingana na eneo na matumizi. Mahali pa kuiweka ni karibu na milango ya kutokea, ili anayeifuata awe anaelekea upande wa usalama, si ndani zaidi. Mpini uwe chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni, mtungi usiguse sakafu, na usifichwe na nguo za kuuza. Kila mwezi angalia mshale wa geji kama uko kwenye kijani, pini na lakiri kama zipo, na mpira kama haujapasuka. Mtungi wa kaboni dioksidi hauna geji, kwa hiyo hupimwa kwa uzito. Kila mwaka uhudumiwe na mtaalamu anayetambuliwa, naye aache lebo yenye tarehe.

Mtungi wa poda wa kilo 6 humalizika ndani ya sekunde kama 15 hadi 20. Kwa sababu hiyo ni kwa moto mdogo tu, usiozidi ndoo ya takataka, na baada ya mtu mwingine kuwa amekwisha kupiga simu. Simama hatua chache, mgongo wako ukielekea mlangoni, vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana mpini, kisha fagia kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, ondoka na ufunge mlango nyuma yako.

Hatua ya tano: andika mpango na uufanyie zoezi

Mpango wa biashara ndogo unatosha ukurasa mmoja. Utaje nani anapiga king'ora, nani anapiga namba 114 ya Zimamoto, nani anazima gesi na meni swichi ikiwa njia ni salama, nani anapita vyooni na stoo kuhakikisha hakuna aliyebaki, na nani anamsaidia mzee, mjamzito au mtu mwenye ulemavu kushuka. Kila jukumu liwe na mtu wa akiba. Taja pia mahali pa kukusanyikia, ng'ambo ya barabara na mbali na mahali gari la zimamoto litakaposimama, ambapo watu watahesabiwa kwa majina.

Anayepiga 114 aseme mtaa, alama inayojulikana kama msikiti, shule au kituo cha daladala, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Asikate simu mpaka aambiwe. Katika mitaa yetu anwani peke yake haitoshi, kwa hiyo mtu mmoja aende barabara kuu kulipokea gari na kuliongoza, na mwingine awaombe wenye bodaboda na meza za biashara wafungue njia. Kama kuna haidranti, yaani bomba la maji ya zimamoto, mtaani, ijulikane ilipo na isijengewe kibanda juu yake.

Fanya zoezi angalau mara mbili kwa mwaka, moja likiwa saa ya wateja wengi. Mwenye mgahawa atasema atapoteza mauzo, na ni kweli, lakini zoezi la saa tatu asubuhi meza zikiwa tupu halimfundishi mhudumu jinsi ya kuwatoa watu 40 ambao chakula chao kimefika sasa hivi. Pima muda kuanzia king'ora hadi mtu wa mwisho kuhesabiwa, na lenga dakika tatu. Mara moja, ziba ngazi kwa kamba na uwaambie kuwa moto uko hapo. Chumba chenye ngazi moja tu kitajifunza siku hiyo kufunga mlango, kuziba chini yake kwa nguo zilizolowa, na kusimama kwenye lile dirisha lenye grili ya bawaba.

Hatua ya sita: ukaguzi, cheti na jalada

Nenda katika ofisi ya Zimamoto ya wilaya au mkoa uombe ukaguzi, usingoje waje. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, nawe unabaki na stakabadhi. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi. Mkaguzi akifika, tembea naye jengo zima, umwonyeshe mchoro wako na umweleze unachokifahamu kuwa ni kibovu. Akikupa maelekezo ya marekebisho, omba yawe kwa maandishi yenye muda wa kukamilisha, na uanze na yanayohusu njia za kutokea hata kama ndiyo ghali zaidi.

Tunza jalada moja lenye cheti, stakabadhi, taarifa ya fundi umeme, lebo na tarehe za huduma ya mitungi, orodha ya waliofundishwa, na rekodi za mazoezi pamoja na kasoro zilizoonekana. Nakala moja iwe nje ya jengo. Kampuni ya bima itaiuliza siku ya madai, na jalada lililokuwa ndani litakuwa limeungua pamoja na duka.

Matumizi yakibadilika, omba ukaguzi mpya bila kusubiri mwaka uishe: ofisi ikigeuzwa stoo ya magodoro, chumba kikiongezwa mafundi kutoka wanane hadi 20, au mpangaji wa chini akihama na kuingia mwenye jiko la kukaangia. Baada ya moto wowote, hata ule uliozimwa kwa blanketi, mtungi uliotumika upelekwe kujazwa siku hiyo hiyo, na umeme usirudishwe hadi fundi aangalie waya zilizopata joto.